Nilimfundisha mtoto kuchora manyoya ya fisi, bibi yake akafukuzwa kwake

Wakuu wa humu, mlionizidi umri shikamooni. Mlio wadogo marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Ninayoandika hapa mengine nimeyaona kwa macho yangu na mengine yametoka kinywani mwangu mwenyewe. Majina nimebadilisha na kijiji sitakitaja, maana wahusika bado wapo na wanaishi. Atakayesema hii ni chai, namkaribisha kwangu mjini, Kalangalala, anywe chai ya kweli na chapati. Nitalipa mimi.

Mimi ni mzee. Shule niliishia darasa la tatu kule Shinyanga vijijini, nikatolewa nikachunge ng'ombe. Kwa hiyo ukikuta koma imekaa vibaya, irekebishe kimoyomoyo uendelee kusoma.

Lakini usinidharau. Kuchora nilijifundisha mwenyewe kwa mkaa, kwenye mawe ya malishoni. Nikaja Nyarugusu kwenye dhahabu kama wenzangu, nikaona shimoni si kwangu, nikaanza kuchora ng'ombe kwenye kuta za mabucha. Leo nina nyumba, nina ofisi ya mabango yenye mashine, na vijana wenye vyeti wananiita bosi.

Ng'ombe wangu ukimwona ukutani unatafuta fimbo umfukuze asile mahindi. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Sasa twende kwenye mada.

Uzi huu unamhusu bibi mmoja, nitamwita Mama Shija, na mjukuu wake wa darasa la nne, nitamwita Kabula. Shija ni baba wa huyo mtoto. Alifuata rashi, watu walipokimbilia dhahabu mpya kule Chunya, na hajarudi, na mama wa mtoto aliolewa kwingine. Wakabaki bibi na mjukuu, nyumba ya tope yenye bati, na shamba la viazi nyuma yake. Hicho ndicho alichokuwa nacho Mama Shija duniani. Mahali pa kulala na pa kulima.

Amekipoteza kwa sababu ya mchoro wa penseli. Nitaeleza ilivyokuwa.

Shule ya msingi ya hapo kijijini kuna mwalimu binti, anafundisha sanaa. Nitamwita Mwalimu Neema. Alipita ofisini kwangu kuchapisha bango la shule, akaona ng'ombe ukutani, akasimama. Akapitisha kidole kwenye shingo ya ng'ombe kuhakikisha ni rangi tu.

Akaniambia watoto wake wanachora wanyama kama magunia. Ana kitabu, anawafundisha anavyoweza, lakini manyoya yanawashinda. Akaniomba nije Ijumaa kwa Ijumaa nimsaidie.

Wakuu, mimi niliyetolewa shule nikachunge, naitwa shuleni kufundisha. Nilishona suti.

Ijumaa ya kwanza nikawaambia wachore mbuzi. Wakachora. Kila mtoto alichora mstari mmoja mzito kuzunguka mnyama, kisha ndani akajaza vijiti vimesimama wima kama mpunga shambani. Mbuzi wote walikuwa wameshtuka.

Nikawauliza nani amewahi kumshika mbuzi. Mikono michache. Hawa ni watoto wa mgodini, wakuu. Wengi wamezaliwa kelele za karasha zikisaga mawe. Ng'ombe wanamjua akiwa kwenye ndoano ya bucha.

Ijumaa iliyofuata nikaja na mbuzi mzima, nimemkodi kwa jirani. Nikawaambia wafumbe macho, wamshike mmoja mmoja. Wapapase kutoka puani kwenda mgongoni, kisha warudishe mkono kinyume. Waseme wanasikia nini.

Mmoja akasema kwenda ni laini, kurudi anachoma. Mwingine akasema shingoni ana nywele kama za mjomba wake. Darasa likacheka, na huyo mjomba simjui lakini nikamwona kabisa.

Nikawaambia hicho mlichosikia kwenye kiganja ndicho mkiweke kwenye karatasi. Manyoya yana njia. Yanaanzia puani yanarudi nyuma, yanashuka mabegani, na pale kwenye paji la uso yanazunguka kama maji yanayoingia shimoni. Penseli ikianza ikandamize, ikimaliza inyanyuke, ili unywele uishie kuwa mwembamba. Na ule mstari wa kuzunguka mnyama uufute. Mnyama hana waya. Anaishia pale manyoya yake yanapoishia.

Walifuta kwa vipande vya kandambili mpaka karatasi zikatoboka.

Mwalimu Neema naye akaleta lake. Akawawekea karatasi juu ya gunia, juu ya gome la mti, juu ya ukuta wa tope, wakasugua penseli ikatoka sura ya kile kilicho chini. Anaita tekscha. Mimi naita mguso. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo maisha yangu yote, na nilisugua pamoja na watoto.

Kabula ndiye aliyenishika moyo. Mtoto mkimya, magoti yana vumbi muda wote. Alikuwa anashika kitu muda mrefu kuliko wenzake. Kisha anachora haraka, kama anayeogopa kusahau.

Ikatangazwa siku ya wazazi. Kila mtoto achague mnyama wake, michoro itatundikwa. Wakachagua ng'ombe, paka, mbwa, sungura. Kabula akasema fisi.

Nikamuuliza kwa nini fisi. Akasema kwa sababu hakuna aliyemchagua.

Hapo ndipo palipo na jambo, naomba msome taratibu. Mtoto hakuwahi kumshika fisi. Mimi ndiye ninayemjua fisi. Nikiwa mdogo baba yangu aliua mmoja aliyeingia zizini, nikamshika mpaka nikafukuzwa. Kwa hiyo nilimwambia Kabula kila kitu kwa mdomo. Nikamwambia manyoya ya fisi ni makavu na hayana mpangilio, nenda kamshike yule mbwa mzee wa mlinzi wa shule, ni hivyohivyo. Shingoni yanasimama. Madoa usiyachore kama sarafu, doa halina ukingo, ni manyoya yaleyale yamebadilika rangi, kwa hiyo kandamiza tu penseli unapopita.

Akaenda kwa mbwa. Akakaa naye. Akarudi akachora.

Wakuu, nimechora miaka mingi na nimeona michoro. Ule wa Kabula ulinifanya nivue miwani niifute. Yule fisi alikuwa na vumbi. Alikuwa na harufu.

Siku ya wazazi ikafika. Watu walijaa, wachimbaji, wakulima, wenye mialo ya kuoshea dhahabu, kina mama na kanga zao nzuri. Nikapewa maiki. Mimi na suti yangu.

Nikasimama mbele ya michoro nikasema maneno ambayo nilikuwa nayasema darasani kila Ijumaa. Nikasema mkono haudanganyi. Nikasema mtoto hawezi kuchora manyoya ambayo hajayashika. Nikawaambia wazazi waangalie wenyewe, hapa hakuna kilichochorwa bila kushikwa kwanza.

Nikapigiwa makofi. Nikarudia.

Watu wakapita wakiangalia. Kwenye paka wanacheka, kwenye ng'ombe wanasifu. Kwenye fisi wanasimama, wanasoma jina la mtoto chini, wanaondoka bila kusema kitu. Mimi nikadhani wameshangazwa na ufundi.

Ninyi wa Dar na mikoa ya mbali pengine hamjanielewa. Ngoja niseme wazi. Huku kwetu fisi si mnyama tu. Watu wanaamini mchawi anafuga fisi, anamkamua, anampanda akisafiri. Na anayeshukiwa ni bibi, mara nyingi mjane, mara nyingi mwenye macho mekundu. Mama Shija ni mjane. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua tangu akiwa binti, moshi wote umepitia hapo. Kila mtu anajua hivyo, na kila mtu anajifanya hajui.

Haukupita muda, fisi akala ndama wa jirani yake. Jirani huyo nitamwita Baba Ngasa.

Fisi kula ndama ni kazi yake. Pori liko pale. Lakini Baba Ngasa hakwenda kuangalia uzio wake. Alikwenda kwa kamanda wa sungusungu, akamwambia yule mzee wa mjini alisema kwenye maiki, mbele yetu sote, kwamba mtoto hachori manyoya ambayo hajayashika. Sasa huyu Kabula kamshika fisi wapi, kama si nyumbani kwao?

Nilipopata habari Mama Shija alikuwa ameshasusiwa. Kususiwa kwetu ni hivi: husalimiwi, huazimwi moto, kisimani ukifika watu wanachukua ndoo zao wanaondoka na kukuacha peke yako na maji. Dukani muuzaji anageuka kupanga viberiti. Shuleni hakuna mtoto anayekaa dawati moja na Kabula.

Na ikaitishwa dagashida, mkutano wa jadi, kuamua abaki au aondoke.

Nilikwenda. Sikuitwa, nilikwenda. Nilipitia kwa Mama Shija kwanza. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwadila mayu, akaitika, akanipa kigoda. Ndiyo mara ya kwanza tunaongea uso kwa uso. Nikamwambia twende polisi kwanza, nitampeleka kwa gari langu.

Alikuwa anageuza michembe juani, vile viazi vilivyokatwakatwa vya kukausha. Hakuacha kugeuza.

"Baba, hao polisi watalala kwangu mpaka lini?"

Nikarudisha ufunguo wa gari mfukoni.

Kwenye dagashida wanaume walikaa duara, marungu mapajani. Nikaomba nafasi. Nikasema fisi yule ni wangu. Mimi ndiye niliyemweleza mtoto. Mtoto kamshika mbwa wa mlinzi, mbwa mwenyewe yupo, nendeni mkamshike.

Nilikuwa nimebeba karatasi ya manila na mkaa. Nikaitandika chini, nikapiga magoti na umri huu, nikachora fisi mbele yao. Nikawaonyesha kila unywele unavyokwenda. Nikafanya madoa, shingo, masikio. Nikamaliza nikasimama, nikawauliza, mnaona? Ni mkono tu. Ni mazoea. Hakuna fisi nyumbani kwangu.

Wakapiga makofi, wakuu.

Mmoja mwenye karasha akasema mzee, huyo nichoree kwenye lori langu, waniogope njiani. Watu wakacheka. Nikadhani tumemaliza.

Kamanda akasubiri kicheko kiishe. Ni mtu mtaratibu, si mkorofi hata kidogo. Akasema, "Mzee wangu, wewe ni fundi, umekula chumvi nyingi. Hatushangai wewe. Tunamshangaa mtoto."

"Mtoto nimemfundisha mimi."

"Ulimwambia, au alishika?"

"Nilimwambia."

"Siku ile ulisema asiyeshika hachori. Ulisema mara mbili."

Nikaweka mkaa chini. Kisha nikasema neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu tangu nizaliwe.

"Siku ile nilikuwa najisifu."

Sauti ikatoka nyuma, sikumwona aliyesema: "Kashalishwa dawa huyu. Kapita kwake kabla ya kuja hapa, kakalishwa kwenye kigoda."

Na hapo nikaona nyuso zao zikibadilika. Mpaka muda ule walikuwa wananiheshimu. Sasa walikuwa wananihurumia. Wakuu, kuhurumiwa ni mlango umefungwa. Kila nilichosema baada ya hapo, kwao ilikuwa inaongea ile dawa aliyonilisha yule mama. Nikisema hana kosa, ndiyo ushahidi. Nikipaza sauti, ndiyo ushahidi. Kijana mmoja akaniletea maji ya kunywa, kwa upole kabisa, kama anavyoletewa mgonjwa.

Mama Shija alikuwa amekaa pembeni na kanga kichwani. Akaulizwa kama ana neno. Akasimama.

Hakujitetea. Alisema, "Michembe yangu bado mibichi. Naomba ikauke, ndipo niondoke."

Wakamkubalia. Kamanda akamshukuru kwa kutowasumbua.

Nilimlaumu siku ile, nilimwona mwoga. Baadaye, siku ninamhamisha, akanitajia kwa majina bibi wawili waliokuwa rika lake, waliokataa kuondoka kwenye vijiji vyao. Akaishia hapo. Sikumuuliza waliishiaje, na wewe usiniulize.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kata. Akanisikiliza, akawaita wahusika. Wakaja wamenyoosha mashati. Akauliza nani kamfukuza huyu mama. Hakuna. Anaondoka mwenyewe kwa hiari, anamfuata kaka yake. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtukana, hakuna jiwe. Mtendaji akaniangalia, nikamwangalia. Kesi ikaishia hapo.

Nilimhamisha mimi kwa pikapu yangu. Vyombo, godoro, gunia la michembe, kuku. Mtoto akakaa mbele katikati yetu. Kaka yake anaishi upande wa Mwadui, kijiji cha jirani na mgodi wa almasi. Ukiacha wale bibi wawili, njia nzima Mama Shija alikuwa ananiuliza habari za mvua.

Bati za nyumba yake ziliezuliwa wiki hiyohiyo. Hakuna anayejua nani. Shamba la viazi sasa linalimwa, na anayelilima ni Baba Ngasa.

Shuleni wazazi walimfuata mwalimu mkuu. Hawakugomba, waliomba tu somo la wanyama liachwe. Mwalimu Neema alilia ofisini kwangu, kisha akajipangusa akasema tuendelee na vilivyoruhusiwa. Kwa hiyo Ijumaa bado naenda. Tunachora vikombe. Tunachora machungwa na masufuria. Watoto wanachora vizuri sana, na mimi nakaa nyuma ya darasa nikiangalia masufuria yanavyong'aa, natamani kurudi nyumbani.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwaona Mwadui. Nilibeba sukari, sabuni, na boksi la penseli zile nzuri.

Mama Shija amepungua. Analala chumba kimoja na magunia ya wifi yake. Aliniambia yuko salama, kisha akashusha sauti akaniomba nisitaje kule alikotoka nikiongea na majirani. Habari haijafika pale. Anaisubiri ifike kama mtu anayesubiri basi, anajua lipo njiani. Nilipogeuka nikakuta anapangusa macho kwa maji ya chumvi. Anafanya hivyo kila asubuhi, kuyafanya yawe meupe.

Kabula nikampa penseli. Akazipokea kwa mikono miwili, akasema asante babu, akaziweka chini. Nikamwambia nichoree chochote unachotaka. Palikuwa na mbuzi wamefungwa uani, akawaangalia kidogo, akachora mmoja.

Mwili ni wenyewe. Miguu ni yenyewe, mkono wake haujapotea. Lakini mbuzi ni laini kama chungu. Hana unywele hata mmoja. Amezungushiwa mstari mzito kama waya.

"Mbona hana manyoya, mjukuu wangu?"

Hakuniangalia.

"Nimemnyoa, babu."

Niliendesha gari mpaka Kahama sikumbuki nilipitaje.

Sasa funzo, maana najua mnalitaka.

Wengi mtaandika elimu itolewe. Wakuu, kwenye ile dagashida walikuwepo waliomaliza kidato cha nne, na mmoja ana diploma, ndiye aliyekuwa anawasha tochi ya simu nichore vizuri jioni ilipoingia. Semina zimefanyika mpaka tumezoea soda zake. Msiniletee hilo.

Nilichojifunza mimi ni kidogo na kimechelewa. Mtoto unapomfundisha kitu, usiangalie mkono wake peke yake. Uliza mkono huo jioni unarudi nyumba gani, na nyumba hiyo majirani zake ni akina nani. Mtoto wa tajiri angechora yule fisi, wangemnunulia rangi. Fisi wangu alipigiwa makofi. Wa Kabula alikuwa ushahidi. Mchoro ulikuwa mmoja.

Mimi nimetoka kwenye kuchunga mpaka kwenye gari, na siku zote nilidhani ukikijua kitu vizuri kitakubeba. Mimi kilinibeba. Yeye kimemwangusha pamoja na bibi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika maiki.

Najua humu mna walimu, mna wauguzi, mna watu waliolea watoto waliopitia mambo. Matusi nitayasoma pia, nina umri wa kuyabeba. Lakini mwenye kujua namna ya kukaa na mtoto mpaka mbuzi wake aote manyoya tena, aniandikie hapa chini. Aandike polepole na kwa Kiswahili chepesi, nisije nikakosea tena.